Picha Yako Irudi Nyumbani, Mwalimu Ambindwile

Baba, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, na mvua ya Kawetele haijapumzika hata kwa heshima yako. Tulitaka kukuandikia maneno matamu tu, tumeshindwa. Tuna kichefuchefu, na kwa kuwa hukupenda kufichwa jambo, utatusamehe.

Tuanze na mema. Ulifundisha historia chuo kikuu mpaka ukastaafu, ukarudi nyumbani kulima ndizi, ukidai umechoshwa na wanafunzi. Haukupita muda wakaanza kupanda mlima wenyewe: walimu wa sekondari, wachungaji, maofisa utamaduni, wote wanasoma shahada ya uzamili na wote wamekwama kwenye andiko la utafiti. Ulinung'unika, ukawapokea. Hukudai kitu zaidi ya kumsaidia Mama kumenya ndizi.

Utaratibu wako kila mtu aliujua. Viatu vyenye tope vinabaki mlangoni, na karatasi zinabaki hapo hapo, chini ya jiwe. Mgeni anakaa kwenye benchi barazani, anapewa kisu na ndizi mbichi, kisha unamwambia, "Nieleze usichokijua." Wengi walianza kukueleza wanachokijua, nawe ukasinzia waziwazi, hata kukoroma. Aliyeleta mada inayoanza na "Mchango wa" alimenya mkungu mzima. Ila siku mtu alipolifikia swali lake mwenyewe, ulimkumbatia kwa mikono yenye utomvu, ukamharibia shati, ukamwita Mama aje asikie.

Jotham alikuwa mmoja wao. Unamkumbuka, alimenya vibaya. Siku ya mazishi alilia kuliko sisi wanao, akasoma wasifu wako kwa niaba ya wanafunzi, watu wakamshika mabega. Kabla hatujamaliza kurudisha viti vya kuazima tukasikia amefungua ofisi Tukuyu mjini, anauza maandiko ya utafiti yaliyo tayari. Juu ya mlango katundika bango lenye jina lako na picha yako, ile ile ya kwenye ratiba ya mazishi. Msalaba wa pembeni kaukata.

Mama alishuka na khanga yake ya msiba kumwomba alitoe bango hilo. Jotham alimkaribisha soda, akasema, "Mama, sisi tunamuenzi Mwalimu." Mama hakuigusa soda ile. Siku hizi neno hilo la kuenzi likitajwa redioni, tunazima.

Labda tungevumilia, Baba, kama si Happyness. Ni mwalimu wa Nkunga, anasoma uzamili wa historia. Alifika hapa analia, na hakuja kukuomboleza, alikuja kukulaumu. Andiko alilonunua kwa Jotham limekataliwa na msimamizi wake, kwa sababu wenzake watatu wamepeleka lile lile, wamebadilisha jina la kata tu. Msichana wa watu aliona picha yako, akadhani umeliandika wewe.

Dada yetu Tulia alilifungua akasoma. Mada: mchango wa. Malengo yapo, nadharia ipo, na huko nyuma yapo hata matokeo ya mahojiano na wazee wa Nkunga, wazee ambao hakuna aliyewahi kwenda kuwaamkia. Tulia alilishika kwa ncha za vidole kama taulo la gesti, akasema atatapika. Kilichomkata maini ni swali la mgeni: "Dada, kwani huyu Mwalimu alikuwa tapeli?"

 Tulia aliliweka lile andiko mlangoni chini ya jiwe, akamletea kisu na ndizi, akakaa naye kwenye benchi lako. Kaka yetu Boniface alitaka kushuka na panga akalikate bango, Tulia akamzuia, maana likianguka hilo litatundikwa jingine. Siku ile Happyness alieleza anachokijua. Tulia akajaribu kukoroma kama wewe, akaishia kucheka. Happyness alirudi, akarudi tena. Juzi akaacha kumenya katikati ya ndizi, akasema polepole, "Sijui bibi yangu na wenzake walikuwa wanaimba nini walipokuwa wanachuma chai. Na sijui kwa nini mama zetu waliacha."

Tulia alimharibia blauzi kwa utomvu, akamwita Mama. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu," akaingia ndani kufuta macho. Happyness naye akatuambia swali lake la siku ile, kama ulikuwa tapeli, limeshajibiwa.

Andiko la Jotham bado liko chini ya jiwe, linaliwa na mvua. Bango nalo bado lipo mjini. Anayepita pale na ajue kwamba picha ile ni yetu na tunaitaka.

Unakumbukwa na mkeo Esnath, wanao Tulia, Boniface na sisi wadogo zao, wakwe na wajukuu zako wote. Jotham alituma ujumbe akiomba jina lake litangulie kwenye tangazo hili, upande wa wanafunzi. Upande huo tumemweka Happyness, ambaye hukuwahi kuonana naye.

Hatutakusahau, Baba. Karatasi bado zinaachwa mlangoni.