Vifungo vya Mzee Hamadi

Rwezamenyo, Kigali
Juni 1992

Mama yangu, shikamoo.

Huku mvua imekatika, na mawese uliyotupatia tulipoondoka Ujiji bado tunayapikia. Mwanao Kassimu amefunguliwa bandeji za upasuaji. Jicho la kushoto halikupona, Mama. Daktari amesema tusilitegemee tena. Nililia, lakini mwenyewe akaninyamazisha: "Dada, hili la kulia litanitosha kwa cherehani."

Namtia dawa na kumwosha uso, maana bado haruhusiwi kuinama. Jana alikuja Mzee Hamadi, baba wa mchumba wake Zaina, yule aliyeapa kutomwoza binti yake kwa kipofu. Alikaa akimchunguza ndugu yangu kwa mashaka. Kassimu akatabasamu.

"Baba, samahani, vifungo vya shati lako umevipishanisha."

Mzee akajitazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alipomaliza kuvifunga upya akauliza, "Haya, harusi tuifanyie hapa au Ujiji?"

Nilimjibu mimi kabla Kassimu hajafungua mdomo: Ujiji, mbele ya mama yetu. Kwa hiyo anza kupaka nyumba chokaa.

Binti yako mwenye furaha,
Mwajabu