Kadi ya Mwalimu Oluoch

Jumatatu, 3 Machi 2025

Wadudu wa ziwa wametanda Kondele tangu Ijumaa. Ukipiga mwayo umekula mboga.

Asubuhi amekuja Mwalimu Oluoch wa Otonglo, mstaafu, alifiwa na mkewe miaka minane iliyopita. Laptopu yake inajizima kila baada ya dakika kumi. Nikaifungua — sijawahi kuona! Feni imezibwa na wadudu wakavu, wa kujaza kikombe cha chai. Anaandika usiku dirisha likiwa wazi, mwanga wa skrini unawaita. Nikapuliza, nikasugua kwa brashi, nikapaka dawa mpya ya kupitisha joto. Imekaa saa nzima bila kuzima.

Ameniachia na simu yake, haishiki chaji. Anakwenda Muhoroni kwa dada yake, miwa inakatwa. Atarudi Alhamisi. Picha zake nimwekee kwenye flashi. Kuna moja amevaa koti la kijivu, anatabasamu. Nikamwuliza nani aliipiga. Kijana wangu Okinyi, akasema, halafu akageukia habari za chaja.

Jumanne, 4 Machi

Debra, katibu wa kamati ya mazishi ya Mama Dorsila Aloo, anataka ukurasa wa mtandao. Picha, ratiba, ramani ya boma. Leo leo! Lakini picha na jina kamili ataleta saa nane, wazee bado wanabishana ni jina la nani litangulie.

Nikaanza bila jina. Siku zote najaribia langu — Wepukhulu hapa, Wepukhulu pale. Lakini kuandika "Marehemu Wepukhulu" kwa mkono wangu mwenyewe? Hapana. Mama yangu angenikimbiza Bungoma nzima. Picha ya Mwalimu ilikuwa kwenye skrini. Nikaibandika, nikaandika Marehemu Mwalimu Oluoch. Ikakaa vizuri sana.

Saa nane Debra akaleta vitu vyake, nikabadilisha kila mahali. Saa kumi nikamtumia linki. Nimejiona bingwa leo.

Jumatano, 5 Machi

Saa mbili simu ya kwanza. Mtu analia, anauliza Mwalimu Oluoch amelazwa mochari gani. Nikamwambia amekosea namba. Ya pili. Ya tatu. Kisha Debra akaingia mwenyewe, majivu ya kanisani bado kwenye paji la uso, akaniwekea simu yake mbele ya macho.

"Fundi, umeua nani tena? Sisi tumefiwa na mama. Huyu mwalimu ni wa nani?"

Nikaichukua, nikatazama. Linki ikitumwa WhatsApp hubeba kadi ndogo: picha, jina, mstari wa maelezo. Kadi hiyo inatoka kwenye mistari iliyofichika juu kabisa ya faili. Sikuigusa! Ukifungua ukurasa unamkuta Mama Dorsila. Kwenye kadi ni Mwalimu na koti lake, na namba yangu ya majaribio — kwa maelezo, piga. Na nani anafungua linki hapa? Watu wanaokoa bando. Wameona picha, wamelia, wametuma mbele.

Kurekebisha ni dakika mbili. Lakini kadi zilizokwisha tumwa hazibadiliki. Maji yakimwagika hayazoleki. Debra ametuma masahihisho kwenye kundi. Akajibiwa kwamba familia ya Mwalimu inaficha mpaka mwili ufike. Mimi ninaowaambia yuko hai wanadhani nawafariji. Na kila anayempigia Mwalimu mwenyewe anaambiwa mteja hapatikani. Angepatikanaje? Simu yake iko kwenye droo yangu, tumbo wazi.

Dada wa Muhoroni sina namba yake.

Saa tisa akapiga Okinyi. Yuko Mombasa. Sauti kavu, ya mtu aliyekwisha kulia. "Fundi, mama alizikwa sikuja. Mzee akasema nisikanyage kwake tena. Huyu sasa sikosi. Nimeshakata tiketi." Nikasema ngoja, nisikize — simu ikakatika. Nikapiga mara nane. Haipatikani. Nimetuma ujumbe WhatsApp, haujafika.

Nina aibu kuandika hili. Nilipoona hapatikani, nilipumua.

Alhamisi, 6 Machi

Saa tatu Mwalimu Oluoch amesimama mlangoni. Koti lilelile la kijivu. Nilishika meza.

"Fundi, nasikia nimekufa."

Ametoka kwake. Kuna hema limesimama uani. Jirani yake, Mama Rachael, alipiga nduru na kuanguka. Wazee wakamzuia langoni: mtu aliyeliliwa haingii bomani hivihivi, wakae kwanza waamue la kufanya. "Kwa hivyo mimi ndiye mgeni," akasema.

Nikapiga magoti. Nikamweleza yote, hata lile la kuogopa jina langu. Akanitazama sana.

"Yaani lako uliogopa. Langu ukaona liko sawa tu."

Nikafungua droo, nikatoa simu yake. 

Nikamwambia Okinyi yuko njiani. Akavuta kiti, akaketi.

"Alisema anakuja? Yeye mwenyewe?"

Nikamrudia maneno yote, hata lile la kutokanyaga. Akaniomba nirudie tena pale pa "sikosi".

Simu yake nimeshaitengeneza. Nikampa, nikamsihi ampigie kijana amwondolee kilio. Akaishika bila kuiwasha.

"Ile kadi umeitoa?"

"Tangu jana, Mwalimu."

"Irudishe."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Akijua niko hai akiwa njiani pale Ahero, atashukia Ahero arudi Mombasa. Mimi namjua, ana kichwa kama changu. Irudishe mpaka afike."

Sijairudisha. Sijakataa pia. Naandika hapa ili mikono ipate kazi.

Saa tano na robo. Okinyi amepiga, ameshuka mjini. Anauliza, baba yuko wapi? Mwalimu alikuwa ananitazama midomo. Nikasema njoo Kondele, duka la kompyuta karibu na steji, nitakupeleka alipo. Nimemdanganya mtoto juu ya baba yake, baba mwenyewe akisikiliza. Ujumbe wangu wa jana bado haujafika, hajawasha data. Naomba Mungu usifike sasa — na siamini ni mimi naomba hivyo.

Bodaboda imesimama nje. Mtu mrefu ameshuka, suti nyeusi imekunjwa mkononi. Anasoma kibao changu.

Mwalimu ameupa mlango mgongo. Anafunga kifungo cha koti. Kimemponyoka. Anajaribu tena.