Nimemtukana Madamu Raoudha bila kujua

Rim, nimekwisha.

Ile laptopu yangu ambayo nikiifunika hailali, inachemka tu begini? Nimejaribu matoleo kumi na moja ya kiini cha mfumo, ile programu kuu inayoendesha kompyuta, hadi nikalipata badiliko lililoiharibu. Nikawaandikia watengenezaji wake wote barua pepe: "Aliyeandika uchafu huu asiguse tena kompyuta."

Aliyeandika ni Madamu Raoudha. Mwalimu WETU! Kumbe naye ni mtengenezaji, ila kule anatumia herufi mbili tu za jina lake.

Leo ameisoma barua yangu darasani, neno kwa neno.

"Uchafu ni wangu, bwana Aymen."

"Madamu, nilikuwa na hasira..."

"Nyamaza. Kosa ulilolipata ni la kweli. Lirekebishe kufikia Ijumaa, au utoke kwenye klabu yangu ya kompyuta."

Rim, mimi kutukana najua. Kurekebisha sijui hata pa kuanzia.