Namba 31 Mbili za Bibi Solfrid

Bibi Solfrid, mwaka umekatika tangu utuachie ufunguo wa karakana, na mwaka huo wote sisi watu wako tumetembea mjini Florø vifua mbele. Kila aliyetusimamisha dukani tulimwambia: kwa Solfrid Kvamsøy hakujawahi kukosewa namba. Kila chapa ya picha ina namba yake, kila namba ina mwenyewe, na kila sahihi imetoka kwenye penseli yako.

Ucheke kidogo huko uliko, maana tumeumbuka. Kalamu tumemwachia mjukuu wako Eskil, kwa sababu utakazoziona.

Kwanza tukukumbuke ulivyokuwa. Ulianza kwa kuchora samaki wa kwenye makopo ya kiwandani, miaka kumi na tisa, samaki yule yule, hadi ukasema ameanza kukutazama kwa dharau. Ukiwa na miaka arobaini na moja ukapanda boti kwenda Bergen kusoma sanaa, ukakaa darasani na vijana ambao ungeweza kuwazaa. Ulirudi na mashine ya kuchapia na mawe ambayo watu wanne waliyabeba wakilalamika.

Kila picha uliichora juu ya jiwe kwa chaki ya mafuta, ukachapa karatasi sitini, kisha ukalisaga jiwe kwa mchanga na maji mpaka picha ikafutika isichapwe tena. Wauza picha wa Oslo walikuomba uchape mia tatu. Binti yako Ragnhild alikusikia ukiwajibu kwenye simu: "Sitini zinatosha. Zikizidi nitakuwa kiwanda, na kiwandani nilishatoka."

Siku ya kutia sahihi ulinawa mikono mara mbili, ukachonga penseli kwa kisu, na kahawa ikafukuzwa karakana pamoja na wanywaji wake. Chapa iliyoharibika baada ya kupewa namba hukuifufua. Ile ya saba ya "Mlango wa Boti" ililowa, ukaandika kwenye daftari lako "7 haipo", na hadi leo haipo.

Basi tulitaka kukuenzi. Tuliwaandikia wote wenye "Kamba ya Nguo, Februari", ile yenye suruali za ndani za Babu zilizokakamaa kwa baridi, wazilete maktaba kwa siku moja, zote sitini zitundikwe pamoja. Watu walikuja nazo kwa feri na kwa magari, moja ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi la mtoto. Arnstein, mchapaji mwenzako wa miaka ishirini, akazipanga ukutani. Ragnhild akaongeza moja aliyoikuta kwenye bahasha chini kabisa ya droo yako, bila kutazama namba. Arnstein akahesabu. Akarudia mara mbili. Akavua miwani, akaifuta kwa sweta lake.

"Sitini na moja," akasema.

"Hesabu vizuri, Arnstein."

"Ragnhild, nimehesabu mara tatu. Kama unataka, nihesabu na kwa Kijerumani."

Zilikuwepo mbili zilizoandikwa 31. Moja ni ile ya droo, yenye doa jekundu la jemu pembeni. Ya pili ni ya jirani yako Gunnvor, uliyompa alipostaafu ualimu, na iliyoning'inia juu ya meza yake ya jikoni miaka minne. Tulilifungua daftari lako. "31, Gunnvor," basi, hakuna zaidi. Tukatazamana kama watu walioshuka kituo kisicho chao.

"Labda Mama alishachoka macho," Ragnhild akasema.

"Macho ya Solfrid yalikuwa yanaona kosa langu kabla sijalifanya," Arnstein akajibu. Akainama na kioo chake cha kukuzia, akakaa hapo muda mrefu. "Buluu ya hii ya Gunnvor imepauka. Hii ni ya majaribio, zile tulizochapa kupima rangi kabla ya sitini. Zilikuwa zinaning'inia karakana bila namba wala sahihi. Kuna mtu amechukua moja akaiandika."

Kila mtu alijua nani alikuwa akinywa kahawa kwako kila siku. Hakuna aliyemtazama Gunnvor, na hapo ndipo alipojua kwamba wote wanamtazama.

"Solfrid alinipa mwenyewe," akasema. "Kwa mkono wake, na kwa karatasi ya zawadi."

"Hakuna anayekataa, Gunnvor," Arnstein akasema, kwa sauti ya mtu anayekataa.

Gunnvor akaanza kuishusha picha yake.

Eskil alikuwa kwenye meza ya keki, akarudisha kipande chake sahanini. Miaka minne nyuma, akiwa na miaka kumi na tano, aliingia karakana na mkate wa jemu, wewe ukiwa kwenye simu. Tone likaanguka juu ya 31. Akaitia chapa ile kwenye kisanduku cha vijiti vya kuwashia jiko, akachukua moja ya majaribio, akaandika namba na jina lako. Mazoezi alikuwa nayo. Barua kadhaa za ruhusa ya kukosa shule hukuziandika wewe. Lakini ile yenye jemu ilipaswa kuwa majivu. Imefikaje kwenye droo, tena kwenye bahasha?

Hakujua. Alichojua ni kwamba Gunnvor anaondoka na picha kwapani kama mwizi. Akapanda juu ya kiti, akategemea ulimi wake kama kawaida.

"Jamani, Bibi aliniambia mwenyewe. 31 ya kwanza aliiharibu, akaona huruma namba ipotee, akaandika nyingine kwa siri. Aliniapisha nisiseme."

Watu wakashusha pumzi. Arnstein peke yake akakaa chini kama aliyepigwa. "Solfrid? Solfrid alighushi namba?"

"Shuka hapo, Eskil," Gunnvor akasema.

"Bi Gunnvor, nakutetea."

"Mimi nimeitwa mengi na wanafunzi, na jina la mwizi ningelivumilia. Solfrid hayupo kujibu. Siku ile nilikuwa juu ya ngazi nikiosha madirisha yangu, karakana yote iko mbele ya pua yangu. Nilikuona na mkate wako. Nilikuona umetoa ulimi pembeni ukiandika jina lake. Na baada ya nusu saa nikamwona yeye ameinama kwenye kisanduku cha vijiti."

"Kwa hiyo alijua?"

"Alijua."

"Sasa mbona akakupa wewe ile ya uongo?"

"Na mimi siku aliyonipa nilingoja aniambie," Gunnvor akasema. "Akaomba kahawa."

Arnstein akamwomba Gunnvor radhi mbele ya watu wote, akaitundika tena picha yake. Akamwuliza kama angependa kubadilishana, achukue ile ya jemu yenye sahihi yako. Gunnvor akakataa, yake ni ile aliyopewa.

Sisi bado hatuelewi, Bibi. Ulimwonea mjukuu wako huruma, au ulikuwa unamngoja aje aseme? Alikuwa na miaka mitatu ya kusema, na kila siku alikula mezani kwako.

Tunaokukumbuka: binti yako Ragnhild, mkwe wako Jostein, wajukuu wako Eskil na Tuva, Arnstein wa mashine, na Gunnvor wa dirisha la jirani, aliyesoma haya yote kabla hayajachapwa na kumrudishia Eskil mara mbili ayaandike kama yalivyokuwa. Hutatutoka moyoni kamwe.