Baba Mwelu, Ni Mimi Niliyefua Vifuko vya Njahi

Mwaka umetimia leo, Baba Mwelu, tangu tulipokulaza pale shambani, tarehe 9 Februari 2001.

Wewe Jeremiah Muli ulikuwa mpole, ila si kwa mambo ya mbegu. Ulizunguka Kithimani na Ekalakala ukiwaomba wakulima mbegu za njahi, maharage ya kulisha mifugo, kila aina kwa bahasha yake, na ukishika bahasha hakuna wa kukusemesha. Ulitaka kujua kama ua la njahi hujichavusha lenyewe au nyuki hulichanganya na la jirani. Kwa hivyo ulifunika maua meupe kwa vifuko vya neti, nyuki asiguse. Miaka sita. Hata chai ulikunywa umesimama, macho shambani. Tulikucheka, nawe ukacheka.

Sasa nisikilize. Asubuhi ile uliyoenda mjini kuwapokea wakaguzi wa kituo cha utafiti wa kilimo, niliona vifuko vimejaa vumbi. Niliona aibu kwa niaba yako. Nikavifungua vyote, nikavifua, nikavianika, na saa sita nikavirudisha. Wageni wakakusifu kwa usafi.

Msimu uliofuata, mbegu za zile nyeupe zikatoa maua ya zambarau. Nyuki walikuwa wamepita. Ulikaa chini katikati ya mimea yako, kisha ukamwita Nzomo, mfanyakazi wako wa miaka saba, ukamwambia mbele ya majirani, "Wewe ndiye ulifungua. Toka kwangu." Hakujitetea. Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria mkononi, nikanyamaza. Nilikuogopa. Nikanyamaza hadi siku yako ya mwisho, na hilo linaniuma kuliko msiba wenyewe.

Jumapili niliwaambia watoto. Nzisa hajanisemesha tangu hapo. Mwelu alisema, "Mama, baba alimfukuza mbele ya watu. Wewe pia sema mbele ya watu." Ndiyo maana naandika gazetini.

Lakini kwanza nilienda Kyumbi, Nzomo anakouza mahindi ya kuchoma. Nikamweleza yote. Akageuza mahindi yake, akasema, "Mama Mwelu, mimi niliona vifuko kwa kamba siku hiyo. Ningesema, ungeishi aje na mzee?"

Anakukumbuka Nzomo, pamoja nami mkeo Mumbua, binti zako Mwelu na Nzisa, na dada yako Syokau. Hututoki moyoni, leo wala kesho.