Msumeno Mkongwe Uliotolewa Breki

CHAMA CHA MAFUNDI WA MISUMENO YA INJINI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA, JUMAMOSI TAREHE 14, SAA 8:00 MCHANA, KARAKANA YA CHAMA

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Katibu, Mama Spea (muuza vipuri), Mzee Kabureta, Mnoaji.
Asiyehudhuria: Fundi Diski, mtengenezaji wa misumeno ya kukatia zege. Hakutoa udhuru, mashine yake ilisikika nyuma ya ukuta kikao kizima.
Mwalikwa: Dada wa mkata magogo aliyejeruhiwa.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilifunguliwa saa 8:35, Mwenyekiti alipomaliza chai. Aliomba ajenda ya pili iondolewe kwa kuwa "imeshapoa." Mama Spea alimwambia aende akamwambie hivyo mwenye mkono uliokatwa. Ajenda ilibaki.

KUMB. NA. 2/7: MSUMENO WA MKATA MAGOGO
2.1 Dada alitoa kwenye gunia msumeno wa mnyororo uliofufuliwa na Mwenyekiti mwezi uliopita. Alieleza kwamba uliruka ukamkata kaka yake vidole viwili vya mkono wa kushoto. Sasa mwajiri hamtaki tena, kwa sababu Mwenyekiti ameeneza kwamba alikuwa mzembe. Aliomba barua ya chama inayosema ukweli. "Vidole hamwezi kuvirudisha, jamani. Jina lake mnaweza."

2.2 Mzee Kabureta alifungua kifuniko, akakuta bendi ya breki, ule ukanda wa chuma unaosimamisha mnyororo, haimo na kinga ya mkono imefungwa kwa waya. Mwenyekiti alieleza kwamba spea za msumeno wa umri ule hazipatikani. Mama Spea alieleza kwamba bendi ipo kwenye rafu yake, na kwamba Mwenyekiti alipoonyeshwa alijibu, "Ya nini? Injini inanguruma, mteja anacheka."

2.3 Katibu alisema kwamba fundi anayeng'arisha tangi na kutupa breki hajafufua msumeno. Amepaka rangi mtego. Mwenyekiti alimtaka Katibu aandike, asihutubie. Katibu ameandika hilo pia.

2.4 Mnoaji alikumbusha sheria ya gogo la kwanza: fundi hukata yeye mwenyewe, mbele ya mwenye msumeno, kabla ya kuukabidhi. Mwenyekiti alikiri hakukata. Mvua ilikuwa inanyesha. Katibu alikiri kwamba aliandika kwenye daftari la ukaguzi "umekata vizuri" kwa kuambiwa tu.

2.5 Mwenyekiti alisisitiza kwamba msumeno ni mzima, mkataji ndiye mbovu. Dada aliburuta gogo kutoka mlangoni hadi katikati ya karakana. "Basi kata, Mwenyekiti. Tunakuangalia." Mzee Kabureta alijaza mafuta. Mwenyekiti alishika kamba ya kuwashia, akautazama mkono wake wa kushoto, kisha akamuuliza Mama Spea kama ile bendi bado ipo.

2.6 Hakuna aliyecheka. Iliazimiwa kwamba barua iandikwe hapo hapo, ikitaja breki, daftari na gogo ambalo halikukatwa.

KUMB. NA. 3/7: KUFUNGA KIKAO
Barua ilisomwa mara mbili, kwa ombi la Mwenyekiti, ambaye alitafuta neno la kubadilisha asilipate. Alitia sahihi. Dada aliondoka nayo saa 10:20, na kikao kikaishia hapo. Gogo lilibaki zima.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi, safari hii baada ya kuona kwa macho yake)