Kifungu Ulichokiondoa, Ami Nassor

Ami yangu Nassor,

Shikamoo. Mdomo umezoea, ndiyo maana naanza hivyo, ingawa tangu Jumatatu moyo hautaki kukuamkia.

Ulifariki ukaniacha katikati ya kazi, nikiitengeneza ile nyumba ya kale kule mlimani, kijiji cha Misfat al Abriyeen, iwe nyumba ya wageni. Kazi yangu ya kwanza kwa jina langu mwenyewe. Wewe ulikuwa mhandisi wa mwenye nyumba, na mkataba uliuandaa wewe. Siku ya kutia saini, ofisini kwako Ibra, nilikuuliza kama niusome wote. Ukanambia, "Fomu ni ile ile, mwanangu. Tia saini, kahawa inapoa."

Nikatia. Fomu ile si ulinifundisha wewe? Nilipotoka chuoni ulinisomesha kifungu kwa kifungu, tende mkononi, ukinitania kila nilipokosea namba. Ulikuwa ukisema mkataba unaotumiwa na kila mtu haumjui tajiri wala maskini, kwa hiyo mkandarasi mdogo aushikilie. Kifungu cha mvua nilikipenda zaidi: wadi, yale mafuriko ya bondeni, ikishuka ikakata njia, mkandarasi huongezewa siku, wala halaumiwi.

Basi wadi ilishuka, Ami, wiki tatu baada ya kukuzika. Barabara ya kupandia ikachukuliwa. Chokaa na magogo ya mitende vikabaki chini, na mafundi wangu vile vile. Nikaandika barua ya kuomba siku, kwa adabu, kama ulivyonifunza. Mwenye nyumba akanijibu kwa kunitoa kazini. Akaleta kampuni nyingine, na bango lenye jina langu likang'olewa mbele ya mafundi wangu.

Niliufungua mkataba upya. Mbele, masharti ya jumla, yale yale tuliyoyasoma. Nyuma kabisa, kwenye masharti maalumu, ambayo ndiyo yanayoshinda ya mbele, mstari mmoja: kifungu cha mvua kimeondolewa. Na saini yangu chini yake.

Nilikutetea. Nilimwambia kaka yangu Khalfan kuwa Ami alipitiwa, alikuwa keshaanza kuumwa. Wakili nilimwambia hayo hayo. Jumatatu nikaja kwako, mkeo Bi Zuwena akanifungulia kabati la mafaili nitafute rasimu ya mkataba. Nikakuta nakala ya barua yako kwa mwenye nyumba, mwandiko wako mwenyewe: "Kifungu cha mvua nimekiondoa kama ulivyotaka. Binti hatokisoma, ananiamini."

Ananiamini.

Nilikaa pale pale sakafuni. Ami, ungenidanganya kwa kudhani mimi mjinga, ningeumia kidogo. Lakini ulijua ninavyokupenda, ukalitegemea hilo.

Wakili, niliyemsomea kwa simu, anasema barua hiyo itanirudishia jina, maana inaonyesha mwenye nyumba alijua kuwa ninadanganywa. Lakini itasomwa mbele ya watu, nawe umo kaburini, huwezi kujibu. Siku mbili niliificha mkobani. Jana nikaona siwezi kuipeleka bila mkeo kujua, nikampa aisome. Alisoma, akarudia. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. Kisha akanambia, "Ipeleke. Mimi nitamlilia yule niliyemjua."

Kesho asubuhi naipeleka Nizwa kwa wakili. Nimetaka nikwambie mwenyewe kwanza. Kwa nini ulifanya vile, sijui. Labda alikuahidi kazi nyingine, labda ulichoka kubishana naye. Ungenambia tu. Ningeuacha ule mkataba, na leo ningekuwa nakulilia kama anavyokulilia mkeo.

Kwaheri, Ami. Nakuahidi sitasema uongo juu yako, wa kukuchafua wala wa kukusafisha. Nikiulizwa nani alinifundisha kazi, nitakutaja. Msamaha bado sina wa kukupa, lakini Fatiha ya kila Ijumaa sitakunyima.

Binti wa nduguyo,
Salma